Mwigizaji Aliyezungumza kwa Sauti ya Mume Wangu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Hollywood haijawahi kutoa mwigizaji mwenye ulimi kama yule bwana. Jina lake sitalitaja. Anayependa filamu za zamani atamvika sura anayotaka mwenyewe: mrefu, mabega yameinama kidogo, macho ya mtu ambaye hajalala siku tatu. Mimi nilimjua kwetu Uvira, kwenye ukumbi wa video uliojengwa kwa mbao na mabati, nikiwa na miaka kumi na tisa, na alipofungua kinywa nilisahau kwamba benchi nililokalia lina misumari.

Lazima nieleze alivyofungua kinywa. Kanda zilikuwa za mapadre, walioziacha sanduku zima walipohama, na zote zilikuwa zimetiwa sauti za Kifaransa. Watu wa mtaani kwetu Kifaransa chao kilikuwa cha kusalimiana tu. Kwa hiyo mwenye ukumbi alimweka mtu pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, atafsiri kwa Kiswahili papo hapo filamu ikiendelea. Mtu huyo alikuwa fundi kweli. Aliwasemea wote, wanaume, wanawake, sherifu, hata farasi. Lakini yule bwana mrefu ndiye aliyempenda kuliko wote. Bwana akitembea kimya, mtafsiri alimjazia: "Hapa anamuwaza mama yake." Akigeuza mgongo: "Hapa machozi iko karibu, lakini anakaza." Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Kulikuwa na tukio moja la mlangoni. Watu wenye bunduki wamekuja kumtafuta mdogo wake, naye anasimama kizingitini peke yake, mkono mmoja kwenye fremu, anawapa maneno marefu, matamu na makali kwa pamoja, mpaka wanarudi nyuma mmoja mmoja. Nilikwenda kuliona mara tano. Mara ya tano nilimngoja mtafsiri nje, na mwaka uliofuata nikaolewa naye.

Halafu wakaja watu wenye bunduki wa kweli. Nitasema kwa ufupi kwa sababu sipendi kuliongea. Walidai ukumbi wetu unakusanya vijana wa upande wa pili, wakamtaka mtafsiri. Asubuhi moja waligonga nyumbani kwetu. Mume wangu alipanda juu ya dari, kwenye ile nafasi iliyo chini ya mabati, nami nikafungua. Nilizungumza nao mlangoni, wakaondoka, na wiki hiyohiyo tukaanza safari ya kuja kusini. Aliposhuka darini asubuhi ile alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa maji anawe, na jambo hilo hatukuligusa tena.

Johannesburg tulipata chumba Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba tisa. Dirisha letu lilitazama ukuta. Kutoka kitandani hadi barabarani nilifungua milango minne ya chuma, na kila mmoja ulikuwa na ufunguo wake. Mimi nilisuka nywele katika saluni moja ya Yeoville, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mume wangu akawa mlinzi Midrand, kwenye mtaa wa nyumba zenye uzio wa umeme, saa kumi na mbili kwa siku ndani ya kibanda cha kioo akifungua na kufunga geti. Mwaka 2015, wageni walipoanza kushambuliwa tena mjini, tulijifungia chumbani siku nne, tukila mkate na chai. Siku ile ya nne niligundua kwamba hatukuwa tumezungumza hata sentensi kumi. Yule mtu aliyewasemea farasi alikuwa ameishiwa maneno.

Hata hivyo, kufuli za Bellevue zilikuwa na funguo. Kilichonifunga mimi ni karatasi. Tulipofika tuliomba hifadhi kwa faili moja: yeye mwombaji, mimi jina langu chini ya lake, mke. Yeye aliingia kuhojiwa, mimi niliachwa kwenye benchi la nje, na jioni nikaweka kidole kwenye wino. Tangu siku hiyo karatasi yangu ilihuishwa Pretoria tu, pale ilipofunguliwa, kila baada ya miezi sita, na mwenye faili akiwepo. Asipopata ruhusa kazini, karatasi yangu ndiyo inayoisha muda. Dada yangu aliyeko Cape Town alinitafutia nafasi kwenye saluni kubwa, mara mbili. Mara zote mbili waliuliza swali moja: je, una karatasi yako mwenyewe?

Niseme wazi, nilitaka kumwacha. Hakunipiga, hakulewa, na mshahara wake aliuweka mezani. Lakini kila nilipomwona akila nilimwona na vumbi lile kwenye nyusi, na hasira ilinipanda kooni kama kiungulia. Mwanamke mwenye faili lake angefunga begi akaenda. Mimi nilifua mashati ya ulinzi.

Mwaka 2016 maombi yetu yalikataliwa. Mzee mmoja wa kanisani anayesoma Kiingereza vizuri alitufasiria barua. Waliandika kwamba haiaminiki watu wenye silaha wamtafute mtu, wafunguliwe mlango na mtu huyohuyo, waongee naye, kisha waende zao.

Nilimtazama mume wangu. Tulipotoka nje nikamshika mkono wa koti.

"Papa, uliwaambia ni weye ulifungua mlango?"

"Niliwaambia habari ya mulango."

"Ya mulango gani?"

Alitazama robot, taa ya barabarani, iliyokuwa nyekundu, mpaka ikawa kijani, akavuka. Mimi nikabaki pale nikicheka peke yangu, cheko baya. Nilijua amefanya nini. Alikuwa amewapa filamu. Amekaa mbele ya afisa wa serikali akamsimulia habari za yule bwana mrefu, mkono kwenye fremu na maneno yote, akaweka jina lake mwenyewe. Kwa ajili ya upuuzi huo mimi nimefungwa. Tulikata rufaa, tukaendelea kwenda Pretoria.

Mwaka uliofuata alianza kuja saluni mama mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, anafundisha mambo ya sinema. Kusuka nywele ndogondogo ni saa sita, na saa sita haziendi bila maneno. Siku moja nikamwambia habari za mwigizaji wangu, kwamba hajatokea tena mtu wa kusema vile.

"Huyo?" alisema, akageuza kichwa mpaka nywele zikanitoka mkononi. "Wacha wewe! Huyo jamaa alikuwa mbao tupu. Sura ndiyo ilimpeleka, na bahati. Hata kuongea alikuwa anaongea kama analazimishwa."

"Mwalimu, samahani, kama kuna kitu yule alijua ni kuongea."

"Basi dadangu, uliona filamu zingine, si zake."

Nilimvuta nywele kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, nakiri. Aliporudi baada ya wiki sita aliniletea kisanduku cha diski, kazi za yule bwana karibu zote, kwa Kiingereza chake mwenyewe, zimepangwa kuanzia ujana mpaka uzee. "Angalia halafu tuongee," alisema.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuangalia. Nilitaka kuiona ile filamu ya mlangoni na kumkamata mume wangu kwa ushahidi. Jumatatu saluni haifunguliwi, na Jumatatu yeye yuko Midrand. Niliangalia Jumatatu nyingi, kwenye televisheni ndogo juu ya kabati, mlango umefungwa kwa ndani. Nami nilianza mwanzo, kwa mpangilio, kwa sababu nilitaka kuwa mwadilifu.

Kitu cha kwanza kilinikera: sauti. Ilikuwa nyembamba, inapitia puani, ya mtu mwenye mafua. Ile sauti nzito niliyoijua ilikuwa ya Mfaransa fulani, na juu ya Mfaransa, mume wangu. Kitu cha pili: hasemi. Filamu za ujana wake anasema kidogo na vibaya, anameza mwisho wa maneno. Anabusu wanawake kama anayebandika stempu. Mikono hajui aiweke wapi, anaitia mifukoni, anaitoa. Ningeacha pale ningempa mwalimu ushindi.

Lakini mimi ni msusi. Kazi yangu ni kumtazama mtu kwenye kioo saa nyingi wakati anadhani natazama nywele. Kufikia diski ya sita au ya saba niliona kitu ambacho mwalimu, pamoja na shahada zake, alikuwa amekipita. Yule bwana alijua kusikiliza. Mtu mwingine anaongea, kamera iko kwa huyo anayeongea, na nyuma yake, pembeni, yule bwana anapokea kila neno. Neno moja linamfikia shingoni, jingine tumboni. Unaona uamuzi ukifanyika usoni mwake kabla hajaufanya. Waigizaji wenzake wote walikuwa wakingoja zamu yao ya kusema. Yeye peke yake hakungoja. Nilirudisha nyuma mara nyingi nikamtazama yeye tu, nikiwapuuza wanaozungumza, na sikumkuta hata mara moja akidanganya.

Miaka yake ya katikati ndiyo bora, na siyo mingi. Kisha walimharibu. Alipopata jina walimwandikia hotuba, kwa sababu mtu mkubwa lazima ahutubie, na kwenye hotuba alikuwa kweli mbao, hapo mwalimu ana haki. Uzeeni wakamvika nywele za bandia ambazo mimi ningeona aibu kumfunga mteja. Akarudia mwendo wake, akarudia macho yake, akawa anajiigiza mwenyewe. Kuna filamu moja tu ya mwisho ambamo anakaa kitandani, mwanawe anamwambia mambo makali kwa dakika nzima, naye hana mstari hata mmoja. Kwa dakika hiyo moja nilimsamehe filamu kumi. Hukumu yangu basi ni hii: alikuwa na kipaji kimoja, kikubwa, na watu wengi waliofanya naye kazi hawakukijua, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Kila palipokuwa na ukimya yeye alitia maneno.

Ile ya mlangoni niliifikia Jumatatu ya mvua. Watu wanakuja na bunduki. Bwana anafungua, mkono kwenye fremu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nasubiri yale maneno. Mkubwa wao anauliza mdogo wake yuko wapi. Bwana anamtazama. Anasema, "Hayupo." Basi. Kisha anasimama tu, anawasikiliza wanavyotishia, anawasikiliza mpaka wao wenyewe wanaanza kusikia aibu, na wanaondoka. Maneno yale marefu hayakuwemo. Hayajawahi kuwemo.

Nilizima televisheni. Sikuelewa tena mume wangu aliwaambia nini Pretoria, maana filamu yenyewe haikuwa na kitu cha kuiba.

Nakala ya mahojiano ilikuwa ndani ya bahasha aliyoitunza chini ya godoro. Niliichukua nikampelekea mwalimu nyumbani kwake Jumamosi mchana, nikamwomba anisomee kwa Kiswahili taratibu. Mezani kulikuwa na watoto wake wakibishana kwa Kiingereza, akawafukuza. Akasoma. Alipofika sehemu ya mlangoni alisoma hivi, na naandika kama alivyosema:

"Niliwaambia, karibuni. Chumba cha nyuma kuna mgonjwa wa kipindupindu tangu jana. Anayetaka kuingia aingie, lakini avue viatu hapa, maana klorini imeniishia na sitaki mtoke nacho muwapelekee watoto wenu. Niliwaambia, jenereta hilo, chukueni, mimi na kelele zake tumechoshana."

"Huyu mzee wako ni shujaa," alisema mwalimu. "Mbona unalia?"

Nilikuwa nalia kwa hasira. Yale hayakuwa maneno ya filamu, wala ya mume wangu. Yalikuwa yangu. Mpaka lile la jenereta, ambalo nililisema kwa sababu nilihitaji kusema chochote wasiingie. Alikuwa amelala juu ya mbao za dari, akayapokea yote, akayahifadhi neno kwa neno kama alivyohifadhi kanda za mapadre, na siku ya kuhojiwa akayasema kwa jina lake. Na kwa kusema hivyo aliivunja hadithi yetu. Wangejua aliyefungua ni mwanamke, na kwamba aliyetafutwa yuko juu ya vichwa vyao, wangeamini.

Jioni alipovua koti la kazi nilimwekea karatasi mapajani.

"Hii ni maneno yangu."

"Njo yako," alisema. Ndiyo yangu, alikiri.

"Kwa nini?"

Aliikunja karatasi. "Mimi sikukuwa na maneno. Kule juu nilikuwa natetemeka tu. Yule afisa aliniuliza, weye ulifanya nini? Mama, ningesema nini?"

Nilimwambia kwamba nakwenda kuomba faili langu mwenyewe, na nitasema ukweli, wote. Mzee wa kanisani alishatuambia inawezekana, mke akiwa na hadithi yake. Nikamwambia pia kwamba nikilipata nitakwenda Cape Town, peke yangu. Alisema atakuja, kwa kuwa bila yeye hawatanipitisha getini. Kisha akala.

Tulikwenda mwanzoni mwa 2018, tukapanga foleni tangu jua halijachomoza. Kufikia saa tano nilikuwa mbele ya dirisha la afisa kijana, mwanamke mwenye miwani, mpya kazini. Faili letu la zamani, alisema, liko kwenye rufaa, jengo jingine. Mbele yake alikuwa na fomu tupu na jina langu tu. Kiingereza changu ni cha saluni, kinatosha kuuliza nywele ndefu au fupi, hakitoshi mambo haya. Mkalimani wa Kiswahili, akasema, siku hizi haji. "Eish, mama. Ama urudi baada ya miezi sita, ama ulete mtu kutoka foleni."

Nyuma yangu walikuwepo Warundi wawili na wanawake wa Goma ninaowafahamu kwa sura. Alikuwepo pia mume wangu, ameshika bahasha yake. Ningeweza kumchukua yeyote. Nilimchukua yeye. Nilitaka apite ndani ya jambo lile kwa kinywa chake. Ulikuwa ukatili, na nilifanya makusudi.

Nikaanza. Nilisema sentensi moja, nikanyamaza, naye akaisema kwa Kiingereza alichokiokota getini Midrand. Nilimsikiliza kama polisi. Kiingereza cha kusema nilikuwa sina, lakini cha kusikia nilikuwa nacho, na nilijua mahali anapozoea kuongeza chumvi. Hakuongeza. Niliposema nilifungua mlango, alisema mwanamke huyu alifungua mlango. Niliposema habari ya kipindupindu na viatu na jenereta, aliyasema yote kama maneno ya huyu mama, akinionyesha kwa mkono. Kisha nikasema, "Wakati huo bwana yangu alikuwa amejificha juu ya plafoni, kule chini ya mabati."

Aliligeukia dirisha. Akatafsiri.

Afisa aliandika muda mrefu. Alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuupata katika jengo lile, akauliza swali, na mume wangu akanigeukia.

"Anauliza, bwana yako iko wapi sasa."

Hakunikonyeza, hakuniomba. Aliuliza kama mtu aliyekutwa kwenye foleni. Nilielewa, na nikaona naye ameelewa, kwamba hapo ningeweza kusema chochote. Nimempoteza njiani. Alikufa Zambia. Sijui. Angelitafsiri neno hilohilo, safi, na fomu ile ingeondoka na jina moja, na mwezi unaofuata ningekuwa Cape Town. Nilikuwa nimeitaka siku hiyo miaka mitano. Lakini nilikuwa nimekuja kusema ukweli, wote, na nilikuwa nimejisifia hivyo mbele yake.

"Mwambie iko hapa," nikasema.

Alitafsiri. Afisa akanyoosha shingo kutazama foleni nyuma yetu. Mume wangu hakunisubiri. Alitoa karatasi yake kwenye bahasha, akaisukuma chini ya kioo, akasema kwa Kiingereza, "Ni mimi."

Afisa alivua miwani. Aliisoma karatasi yake, akaisoma fomu yangu, akasoma majina tena. Kisha akaziweka moja juu ya nyingine, akazigonga mezani zilingane, akazibana pamoja kwa pini, akasema turudi baada ya miezi sita, wote wawili.